Nafsi Zisizo na Mwili: Kampuni, Mahakama na Kijiji katika Makaa ya Mawe ya Ngaka

1. Utangulizi

Barabara itokayo Songea kuelekea Mbinga na Mbamba Bay hupita Kitai. Hapo huchepuka barabara nyingine iendayo Lituhi, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, na njiani hupita kata ya Ruanda, ambamo kimo kijiji cha Ntunduwaro na machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka. Makaa hayo yamelala katika miamba ya bonde la mto Ruhuhu, na kuwepo kwake kulijulikana kwa miongo mingi kabla ya uchimbaji wa kibiashara kuanza mwaka 2011. Tangu hapo malori yamekuwa yakiyachukua kuyapeleka katika viwanda vya saruji na viwanda vingine vya nchini na vya nchi jirani. Aidha, bei ya nishati ilipopanda duniani katika mwaka 2022, makaa ya Ruvuma yalisafirishwa hadi bandari ya Mtwara na kupakiwa melini kwenda ng'ambo.

Mkazi wa Ntunduwaro akiuliza mgodi ni wa nani, hujibiwa kuwa ni wa kampuni. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimalizi swali. Kampuni haina uso wala kaburi. Hata hivyo, sheria huihesabu kuwa mtu: humiliki mali, hukopa na kukopesha, hushtaki na hushtakiwa. Mtu huyu huzaliwa siku msajili anapotoa hati ya kuandikishwa kwake, huishi kwa sheria ya mahali alipoandikishwa, na wenye kumwendesha wakiona inafaa huweza kumhamisha au kumuundia ndugu katika nchi nyingine.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kampuni huchagua kwao, ilhali kijiji hakichagui. Makaa ya mawe hayahamishiki mpaka yachimbwe, na mashamba ya kahawa ya Umatengo hayahamishiki kabisa. Kwa hiyo, hali ya kijiji kinachokaa na kampuni hutegemea mambo matatu: sheria inayoiumba kampuni hiyo, mahakama inayoweza kuitafsiri sheria hiyo, na lugha ambayo sheria na hukumu zimeandikwa. Jambo la tatu ndilo linalowahusu moja kwa moja wanataaluma wa Kiswahili, nalo haliwezi kueleweka bila ya mawili ya kwanza.

2. Maneno na mizigo yake

Neno kampuni limetoka katika Kiingereza, na asili yake ya mbali ni Kilatini cha watu wanaokula mkate pamoja. Kiswahili kilikuwa na neno lake kwa jambo hilohilo, yaani bia, ambalo ni hali ya watu kuchanga ili wapate kitu kimoja na kukitumia pamoja. Kutokana nalo tunapata mbia na ubia. Vilevile kuna shina lenye asili ya Kiarabu lililotupa shiriki, shirika na ushirika. Katika Kiarabu, neno la shina hilo ndilo jina la kawaida la kampuni ya biashara. Katika Kiswahili cha Tanzania matawi yake yalikwenda kwingine: ushirika ukawa umoja wa wakulima na wanachama wengine, shirika likawa chombo cha umma, na chombo cha mitaji binafsi kikabakia na jina la kigeni.

Mgawanyo huo wa maneno unaonekana katika historia ya Mbinga yenyewe. Ushirika uliingia Ungoni na Umatengo katika miaka ya 1930, pale Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo kilipoundwa mwaka 1936. Baadaye wakulima wa kahawa wa Mbinga walikuwa na chama chao kikuu, MBICU. Shirika, kwa maana ya chombo cha umma, ni Shirika la Maendeleo la Taifa, yaani NDC, lililoanza mwaka 1962 kwa jina la Tanganyika na kupewa sura yake ya kitaifa mwaka 1965. Kampuni ni Tancoal Energy, iliyotokana na mkataba wa ubia wa mwaka 2008 baina ya NDC na wawekezaji waliokuja kujulikana kwa jina la Intra Energy, kampuni iliyoorodheshwa katika soko la hisa la Australia. Katika ubia huo wawekezaji wa nje walichukua hisa asilimia 70 na NDC asilimia 30.

Maneno mengine matatu yanahitaji kuangaliwa kabla ya kuendelea. Hisa ni fungu la mtu katika mali ya wengi. Gawio limetokana na kugawa, na kwa hiyo hudokeza kwamba chunguni kuna kitu cha kugawa. Mrabaha, kwa upande wake, ni neno linaloweza kupotosha. Shina lake la Kiarabu lahusu faida, na msikilizaji anayelifahamu huweza kudhani kuwa mrabaha ni sehemu ya faida ya mgodi. Sivyo. Katika sheria ya madini mrabaha hutozwa juu ya thamani ya madini yenyewe, mgodi upate faida au upate hasara. Mkutano wa kijiji ambao haujatenganisha mrabaha na gawio utauliza swali la gawio kwa afisa wa mrabaha, na utaondoka bila jibu.

3. Jinsi sheria inavyoumba mtu

Msingi wa sheria ya kampuni katika nchi zilizorithi sheria za Uingereza ni hukumu ya shauri la Salomon, iliyotolewa na Baraza la Malodi mwishoni mwa mwaka 1896 na kuchapishwa mwaka uliofuata. Aron Salomon alikuwa mtengenezaji wa viatu mjini London. Aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoiunda mwenyewe, ambamo alikuwa na hisa 20,001 kati ya 20,007. Hisa sita zilizobaki zilikuwa za mkewe na watoto wake watano, kila mmoja hisa moja. Kampuni ilipofilisika, wadai walidai kwamba kampuni na Salomon ni kitu kimoja. Malodi walikataa. Walisema kampuni ikishaandikishwa kwa kufuata sheria, ni mtu mwingine kabisa, na madeni yake si madeni ya mwenye hisa.

Matokeo ya hukumu hiyo ni makubwa kuliko viatu vya Salomon. Kwa upande mmoja, iliwawezesha watu kuweka akiba zao katika shughuli kubwa bila ya kuhofia kupoteza nyumba zao. Migodi, reli na meli za karne iliyofuata zisingejengwa kwa urahisi bila ya kanuni hiyo. Kwa upande mwingine, iliweka pazia baina ya kampuni na walio nyuma yake. Anayedai huishia penye pazia, isipokuwa kwa nadra mahakama inapokubali kulifunua, hasa palipo na udanganyifu.

Tanganyika ilipokea mfumo huo kwa hatua. Tarehe 22 Julai 1920 ilipangwa kuwa siku ya kipimo: sheria ya jumla ya Kiingereza na kanuni za insafu, kama zilivyokuwa siku hiyo, zingetumika katika mahakama za nchi pale ambapo hapakuwa na sheria mahsusi. Mwaka 1932 sheria ya makampuni ilitungwa, ile iliyokuja kujulikana kama Sura ya 212. Inafaa kukumbukwa kwamba mwaka huohuo wa 1932 ilitungwa pia sheria ya vyama vya ushirika. Hivyo basi, dola ya kikoloni ilifungua katika mwaka mmoja milango miwili ya kuumba nafsi za kisheria. Mmoja ulikuwa wa mitaji, ambamo kura huhesabiwa kwa hisa. Mwingine ulikuwa wa wakulima, ambamo kila mwanachama ana kura moja.

Sheria ya mwaka 1932 ilidumu kwa zaidi ya miaka 70. Sheria mpya ya Makampuni ilipitishwa mwaka 2002 na kuanza kutumika tarehe 1 Machi 2006. Usajili wa kampuni hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, maarufu kwa jina la BRELA.

4. Jimbo lililofanya sheria kuwa zao lake

Ili kuona mbali kiasi gani jambo hili laweza kufika, ni vyema kuangalia mfano wa Delaware nchini Marekani. Kule sheria ya kampuni hutungwa na kila jimbo, wala si na serikali kuu peke yake. Kampuni inaweza kuandikishwa katika jimbo ambalo haina kiwanda wala duka, na mambo yake ya ndani, yaani mahusiano ya wakurugenzi na wenye hisa, hutawaliwa na sheria ya jimbo hilo popote inapofanya kazi.

Mwishoni mwa karne ya 19 jimbo la New Jersey ndilo lililovutia makampuni makubwa. Delaware ilitunga sheria yake mwaka 1899. Gavana Woodrow Wilson alipoibana sheria ya New Jersey mwaka 1913, makampuni mengi yalihamia Delaware. Leo jimbo hilo lenye wakazi wapatao milioni moja lina nafsi za kisheria zaidi ya milioni mbili, na zaidi ya nusu ya makampuni makubwa ya Marekani yameandikishwa huko. Ada na kodi za uandikishaji ni sehemu kubwa ya mapato ya serikali ya jimbo. Majimbo mengine huvuna ngano au mafuta. Delaware huvuna hati za usajili.

Mvuto wa Delaware si wepesi wa sheria peke yake. Jimbo lina Mahakama ya Chansari, iliyoanzishwa mwaka 1792, ambayo husikiliza mashauri ya makampuni bila ya baraza la wazee wa mahakama. Majaji wake ni wachache, ni mabingwa wa fani hiyo, na hutoa hukumu ndefu zenye sababu. Mfanyabiashara hupenda mahali ambapo wakili wake anaweza kukisia jaji ataamua nini. Aidha, katiba ya jimbo hutaka theluthi mbili za kila nyumba ya bunge ili sheria ya makampuni ibadilishwe, jambo linalozuia mabadiliko ya ghafla.

Hata hivyo, jimbo linaloishi kwa ada za wageni huishi pia kwa hofu ya kuondoka kwao. Mwezi Januari 2024 Mahakama ya Chansari ilibatilisha malipo makubwa ya mkuu wa kampuni ya Tesla, Elon Musk, katika shauri lililofunguliwa na mwenye hisa tisa tu. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilihamisha usajili wake kwenda Texas. Mwezi Machi 2025 bunge la Delaware lilibadilisha sheria kwa namna iliyowapa wakurugenzi na wenye hisa wakubwa kinga zaidi, na mwezi Desemba 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo iliyarejesha malipo yaliyokuwa yamebatilishwa. Mfano huu una mafunzo mawili. Kwanza, mahakama yenye uwezo humpa mwenye hisa tisa nafasi ya kusimama mbele ya tajiri mkubwa. Pili, mahali ambapo kampuni inaweza kuhama, sheria nayo hulazimika kuitazama mizigo yake ikifungwa.

5. Mahakama na mwenye hisa mdogo

Mahakama ya Chansari ya Delaware na mahakama za Tanzania zina babu mmoja. Zote zimerithi kutoka Uingereza kanuni za insafu, ambazo humtazama aliyeshika mali ya mwingine na kumuuliza kama ameishika kwa uaminifu. Delaware iliziwekea kanuni hizo mahakama yake ya pekee. Tanzania huzitumia ndani ya mahakama zake za kawaida, na tangu mwaka 1999 Mahakama Kuu imekuwa na Divisheni ya Biashara iliyoundwa ili mashauri ya kibiashara yasikilizwe kwa haraka na kwa ubingwa.

Kanuni muhimu katika uwanja huu ni ile ya shauri la Foss na Harbottle, lililoamuliwa Uingereza mwaka 1843. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, kampuni ikidhulumiwa, mwenye haki ya kushtaki ni kampuni yenyewe. Lakini kampuni husema kwa kinywa cha wakurugenzi wake, na ikiwa wakurugenzi ndio waliodhulumu, kinywa hicho hakitafunguka. Ndiyo maana sheria za baadaye, pamoja na Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, zimeweka njia mbili za kuiepuka kanuni hiyo. Mwenye hisa anaweza kulalamika mahakamani kwamba mambo ya kampuni yanaendeshwa kwa namna inayomuumiza isivyo haki. Anaweza pia kuomba ruhusa ya kushtaki kwa niaba ya kampuni.

Katika hali hiyo ni nani wa Ngaka awezaye kuzitumia njia hizo? Asilimia 30 zilizowekwa kwenye ubia wa mwaka 2008 ziliwekwa kwa jina la NDC. Mkulima wa Ntunduwaro ni mwenye mali kwa maana ya kisiasa, kwa kuwa mali ya umma ni ya wananchi. Kwa maana ya sheria ya kampuni, yeye si mwenye hisa. Mwenye hisa ni shirika, nalo pia ni nafsi isiyo na mwili ambayo husema kwa kinywa cha bodi yake. Kwa hiyo, baina ya mkulima na vitabu vya mgodi kuna mapazia mawili: pazia la kampuni na pazia la shirika. Mwenye hisa tisa wa Delaware alikuwa na njia fupi zaidi ya kufika mahakamani kuliko raia ambaye fungu lake ni asilimia 30 kwa jina la taifa.

6. Asilimia 30 maana yake nini

Hesabu ya hisa inastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida asilimia 30 hudhaniwa kuwa ni asilimia 30 ya fedha zinazoonekana. Uamuzi wa kawaida katika mkutano mkuu wa kampuni hupita kwa wingi wa kura. Mwenye asilimia 70 hushinda kila mara, isipokuwa mkataba wa ubia umeweka sharti jingine. Uamuzi maalumu, kwa mfano wa kubadilisha katiba ya kampuni, huhitaji robo tatu ya kura. Sabini haifiki sabini na tano. Mwenye asilimia 30 anaweza, kwa hiyo, kuzuia mabadiliko ya aina hiyo. Nguvu yake ni ya kukataa, si ya kuamuru.

Gawio nalo lina mlango wake. Kwa kawaida wakurugenzi ndio wanaopendekeza kiasi cha gawio, na mkutano mkuu huweza kukikubali au kukipunguza, lakini hauwezi kukizidisha. Gawio hutoka katika faida tu. Kabla ya faida kuhesabiwa, hulipwa mishahara, mafuta, wakandarasi wa usafirishaji, mrabaha, ushuru wa huduma wa halmashauri, na riba ya mikopo. Baada ya hapo huja kodi ya mapato. Mara nyingi katika kampuni za ubia duniani, mbia mkubwa huwa pia ndiye mkopeshaji wa kampuni na mwuzaji wa huduma za uendeshaji. Kama hali ni hiyo, yeye hupokea fedha kwa milango mitatu: riba, ada ya huduma na gawio. Mbia mdogo hungojea kwenye mlango mmoja, nao ndio wa mwisho kufunguliwa. Hakuna katika jambo hilo uvunjaji wa sheria kwa lazima. Ni muundo ambao kila anayetia saini mkataba wa ubia hana budi kuuelewa kabla ya wino kukauka.

Kwa upande wa umma, mapato ya makaa hupita katika njia tatu zinazofaa kutofautishwa. Mrabaha huenda serikali kuu, na hukadiriwa kwa uzito na thamani ya mzigo. Ushuru wa huduma huenda katika halmashauri ya wilaya, na kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Gawio huenda kwa mwenye hisa. Njia mbili za kwanza hupimwa kwenye mizani na kwenye ankara za mauzo. Njia ya tatu hupimwa katika vitabu vya hesabu. Mizani inaweza kuangaliwa na yeyote aliyesimama kando ya barabara ya Kitai. Vitabu huhitaji mhasibu, mkaguzi na haki ya kuvifungua.

Mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yalilenga sehemu ya tatizo hili. Serikali ilipewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika mitaji ya makampuni ya uchimbaji yenye leseni kubwa, bila ya kuzilipia, na hisa hizo haziwezi kupunguzwa uzito kwa kuongeza mtaji. Vilevile, kila mwenye leseni alitakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana juu yake na serikali ya mitaa inayohusika. Utaratibu huo umeipa Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga kiti mezani. Kijiji husikika kwa kadiri halmashauri inavyokisikiliza.

7. Kampuni yenye kwao kwingi

Mwaka huo wa 2017 Bunge lilipitisha pia sheria ya mamlaka ya kudumu ya nchi juu ya mali na maliasili zake. Kwa mujibu wa sheria hiyo, migogoro inayohusu maliasili haipelekwi katika mahakama au mabaraza ya nje, bali huamuliwa na vyombo vilivyoundwa nchini kwa sheria za Tanzania. Nia yake ilikuwa wazi: mali iliyomo nchini iamuliwe nchini.

Mfano wa Nachingwea, katika mkoa wa Lindi, unaonyesha ugumu wa kuifikia nia hiyo. Katika kilima cha Ntaka kuna madini ya nikeli, na leseni yake ya kuhodhi eneo ilifutwa pamoja na leseni nyingine za aina hiyo kufuatia mabadiliko ya mwaka 2017. Mwekezaji mkuu alikuwa Indiana Resources ya Australia. Lakini miongoni mwa kampuni zilizokuwa katika mnyororo wa umiliki, mbili zilikuwa zimeandikishwa Uingereza, na Uingereza ina mkataba wa kulinda vitega uchumi na Tanzania. Kwa njia hiyo shauri lilipelekwa katika kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia. Mwezi Julai 2023 baraza la usuluhishi liliamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola za Marekani milioni 109. Mwaka 2024 pande mbili zilisuluhishana kwa dola milioni 90.

Katika shauri hilo, kampuni ilikuwa na kwao kwingi: soko la hisa la Australia, usajili wa Uingereza na kilima cha Nachingwea. Ilipofika saa ya mgogoro ilitumia kwao kule kulikokuwa na mkataba wenye nguvu. Kijiji kilichopo chini ya kilima kina kwao kumoja tu. Ni kwa sababu hiyo uwazi wa majina una thamani. Tangu mwaka 2020 sheria za Tanzania zinataka kampuni zitoe taarifa za wamiliki wanufaika, yaani watu wenye mwili na damu walio mwisho wa mnyororo, na sheria ya uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji ya mwaka 2015 ilikuwa imekwisha kuanza safari hiyo.

8. Kijiji nacho ni nafsi

Mara nyingi husahaulika kwamba katika bonde la Ngaka kuna nafsi nyingine ya kisheria. Kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa (mamlaka za wilaya) ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji iliyosajiliwa ni chombo chenye urithi wa kudumu na lakiri yake. Inaweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huikabidhi kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini anavyosimamia mali ya anayemdhamini. Mbele ya jaji, basi, halmashauri ya kijiji na kampuni ni watu wawili wenye kimo kimoja.

Kimo hicho kimoja ni cha kwenye karatasi, na karatasi kwa miaka mingi ilikuwa ya Kiingereza. Mahakama za mwanzo zilitumia Kiswahili, lakini kadiri shauri lilivyopanda ngazi ndivyo lugha ilivyobadilika. Katika Mahakama Kuu, ambako mashauri makubwa ya makampuni husikilizwa, kumbukumbu na hukumu zilikuwa za Kiingereza. Mtu aliweza kushinda au kushindwa asijue kwa nini, mpaka wakili amfasirie.

Mwaka 2021 mambo yalianza kugeuka. Tarehe 1 Februari mwaka huo, katika Siku ya Sheria iliyofanyika Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili, na akamteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Shauri lenyewe liliihusu kampuni ya mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale inapolazimu.

Kazi iliyofuata ni ya wanasheria na wanaisimu kwa pamoja. Kufasiri sheria ya makampuni si kutafuta neno moja kwa neno moja. Tumekwisha kuona mrabaha unavyoweza kumpoteza msikilizaji. Maneno mengine yana hatari kama hiyo. Dhamana hutumika kwa mdhamini wa mahabusu, kwa rehani ya mkopo, na kwa fedha zinazowekwa na mgodi ili mazingira yakarabatiwe baada ya uchimbaji; mambo hayo ni matatu na yana sheria tatu. Dhima yenye ukomo, ambayo ndiyo roho ya kampuni, huweza kusikika kana kwamba wajibu wa kampuni una kikomo, ilhali chenye kikomo ni deni la mwenye hisa tu, na kampuni yenyewe hudaiwa mpaka senti yake ya mwisho. Mfasiri akiliteleza jambo hilo, mdai wa kijijini atakata tamaa kabla ya kudai.

9. Hitimisho

Wakulima wa Mbinga wamewahi kuona nafsi ya kisheria ikifa. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa na serikali mwaka 1976 na kurejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, na MBICU ilianguka katika miaka ya 1990 baada ya biashara ya kahawa kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Chombo kiliondoka, mibuni ilibaki, na waliokuwa wakikidai chombo hicho walibaki pia. Fundisho hilo linahusu makaa ya mawe zaidi kuliko kahawa, kwa sababu mbuni huzaa tena mwaka ujao, na mwamba uliochimbwa hauzai.

Delaware imeonyesha kwamba serikali ndogo yenye mahakama hodari inaweza kuwa makao ya makampuni ya dunia nzima. Tanzania nayo inaweza kujifunza hapo umuhimu wa majaji mabingwa, hukumu zenye sababu na sheria isiyobadilika kila msimu, mambo ambayo humfaa mwekezaji na humfaa pia anayemshtaki. Tofauti ni kwamba Delaware hupangisha anwani, wakati Ngaka hutoa mwamba wake wenyewe. Mwenye kupangisha anwani akiondokewa na mpangaji hupoteza ada. Kijiji kikiondokewa na kampuni hubaki na shimo, na swali la nani atalifukia lina jibu ikiwa tu liliandikwa katika leseni na mpango wa kufunga mgodi, likawekewa fedha, na likaeleweka na wale watakaolidai.

Kwa hiyo, kazi ya kuiweka sheria ya makampuni katika Kiswahili sahihi isihesabiwe kuwa ni mapambo ya lugha ya taifa. Ni sharti la kwanza ili nafsi mbili zilizo na kimo kimoja mbele ya sheria, kampuni na kijiji, ziweze kusoma karatasi ileile na kuielewa kwa namna ileile. Siku mwenyekiti wa kijiji atakapoweza kufungua mkataba na kuonyesha kwa kidole mstari unaosema nani hulipa nini, lini, na kwa hesabu ipi, ndipo itakapowezekana kusema kwamba ubia wa Ngaka umekuwa bia kwa maana yake ya asili.